Talaka ya Babu na Bibi

Barua ya kamati ya mashindano ya roboti ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, Nati akiwa karakanani anapaka grisi gia za Babu. Babu ni roboti. Alipewa jina hilo kwa mwendo wake wa taratibu na goti la kulia linalolia. Nati, nahodha wa timu, aliitwa hivyo kwa kuwa mifuko yake haikosi nati na bolti. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na timu bingwa husomeshwa bure chuo cha ufundi.

Barua ilisema kwamba kuanzia mwaka huu, ili kuokoa muda, kila roboti itacheza peke yake, kwa dakika moja. Kifungu cha saba.

Miaka yote mashindano yalichezwa kwa jozi, shule mbili mbili, na watoto walijenga hivyohivyo. Babu hunyanyua sanduku kutoka sakafuni lakini hafikii rafu. Bibi, roboti wa shule ya upande wa pili wa mji, hufikia rafu lakini hawezi kuinama. Babu humkabidhi mwenzake sanduku hewani, kazi imekwisha. Kujenga upya kulitaka miezi, na zilibaki wiki tatu.

"Hii ni talaka kwa barua," alisema shangazi aliyemlea Nati, fundi cherehani, pini bado mdomoni. "Na mashahidi hawakuitwa."

Kesho yake saa kumi alasiri Babu alitoka karakanani. Betri yake ilikuwa mezani, inachajiwa. Alishuka ngazi tatu kwa tahadhari, akashika barabara kuu. Kwenye kivuko, askari wa usalama barabarani alisimamisha malori mawili na basi, akamngoja avuke, ndipo akapuliza filimbi. Babu alifika shule ya pili, akasimama kando ya Bibi kwa robo saa, akarudi. Ikawa hivyo kila siku. Mwalimu wa fizikia alilalamikia jambo moja tu, kwamba matairi ya miguuni yanaisha.

Nati alitaka kujua. Alimfuata na saa na daftari, akaandika: mita elfu mbili na mia moja, kwenda, dakika hamsini, umeme, sifuri. Alimfungua kifuniko cha kifua, akagusa nyaya. Zilikuwa baridi. Akaliandika hilo pia, akalipigia mstari.

Wazazi waliita mkutano. Mwenyekiti wa kamati alikuja na katibu wake.

"Maoni yenu tumeyapokea," alisema.

"Mmeyapokea, mmeyaweka wapi?" shangazi aliuliza. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwenyekiti. Hata shati ulilovaa, mimi nilishona, vifungo akaweka mwenzangu."

Watu walicheka, na mwenyekiti naye alicheka, maana hakuwa mtu mbaya. Ilipotimu saa kumi, Babu alipita katikati ya viti kuelekea barabarani. Mwenyekiti alimwuliza katibu kama ipo kanuni inayokataza kutembea bila betri. Katibu alifunua kurasa zote. Haikuwepo.

"Basi aendelee," mwenyekiti alisema. "Mradi mchezoni awe peke yake."

Siku ya mashindano Bibi na timu yake waliwekwa koridoni, wangoje zamu yao. Babu aliingia, akanyanyua sanduku, akaunyoosha mkono upande ambao Bibi husimama, akaachia. Sanduku lilibaki hewani. Mwamuzi alipitisha rula chini yake, akapitisha juu yake, akatikisa kichwa. Halikuwa limefika rafuni. Sifuri. Nati aliiandika sifuri hiyo kwa uchungu, kalamu ikatoboa karatasi. Ushindi ulikwenda kwa roboti aliyeweka kisanduku kitupu kwenye rafu ya chini.

Kesho yake Nati alirudi ukumbini na daftari, kwani uchungu haukuwa umemwondolea hamu ya kujua. Mfagiaji alikuwa akifagia chini ya sanduku. Saa kumi mlango ulifunguka, akaingia Bibi, matairi yake yana vumbi la njia nzima. Alilichukua sanduku hewani pale lilipoachwa, akaliweka rafu ya juu kabisa.

"Afadhali," alisema mfagiaji. "Nilikuwa naligonga kwa kichwa."

Nati aliandika saa na dakika, mfagiaji akatia sahihi kama shahidi. Siku iliyofuata Nati aliipeleka karatasi ofisini kwa mwenyekiti. Mwenyekiti aliisoma yote, mpaka sahihi.

"Hongereni, mwanangu. Kazi safi kabisa," alisema, na alimaanisha. "Lakini dakika yenu ilikwisha juzi."

Aliipiga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili pamoja na maoni ya wazazi. Kanuni za mwaka ujao zilikuwa tayari zimebandikwa mlangoni pake. Nati alizisoma akiwa amesimama, mpaka kifungu cha saba, kilekile, kisha akatazama saa. Ilikuwa imebaki robo saa ifike saa kumi, akakimbia kumfungulia Babu mlango.