Swali la Saba

Dakta Wiston hajawahi kufika Nyantakara, na sidhani kama atafika. Lakini ni yeye aliyeamua wazee wa Nyantakara waulizwe nini.

Nilikuwa mwaka wa tatu, shahada ya usimamizi wa biashara, chuo kimoja cha Mwanza, na yeye ndiye msimamizi wa utafiti wangu. Mada niliichagua mwenyewe kwa kiherehere changu: jinsi kaya za wafugaji zinavyoendesha mifugo kama biashara, huuza lini, kwa nini, na nani ndani ya nyumba ana kauli ya mwisho. Nilidhani nimepata mteremko. Wenzangu walikuwa wanabembeleza mameneja wa mabenki wawape dakika kumi, mimi narudi nyumbani Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, nakula ugali wa mama, nawauliza majirani walionibeba mgongoni. Nani angeninyima jibu?

Dakta alisoma rasimu yangu ya dodoso, akaigonga kwa kalamu.

"Idadi ya mifugo iko wapi?"

Nikamweleza. Kwetu Wasukuma mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Hata mgeni akipita karibu na zizi hanyooshi kidole kuhesabu. Ukimuuliza baba yangu, mzee Malongo, atakwambia ana viwili vitatu, na jioni vumbi la hivyo viwili vitatu hufunga njia nzima.

"Bila idadi hujui mtaji, na bila mtaji hiyo si biashara," alisema Dakta. "Utakuwa umeniletea ngano ya kuwasimulia watoto. Weka swali, halafu tafuta mbinu."

Nikaliweka, likawa la saba. Mbinu yenyewe hakunipa.

Nilianza kwa mzee Nshoma, maana yeye ndiye aliyetangulia kuhamia Nyantakara kutoka upande wa Shinyanga, na akijibu yeye wengine hufuata. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaletewa kigoda na kikombe cha maziwa ya mgando. Maswali sita ya kwanza aliyajibu kwa raha zake, mengine akayaongezea na vichekesho. Nikafika la saba.

"Ng'ombe?" alisema, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe gani, mama?"

Nyuma yake bonde zima lilikuwa limejaa pembe. Nikatazama huko, naye akanifuata kwa macho.

"Wale? Wale ni wa watu. Nani kakutuma?"

"Chuo, baba."

"Chuo cha nani?"

"Cha serikali."

Hapo nilijimaliza mwenyewe. Mzee Nshoma alimwita mkewe aje achukue kikombe, nami sijamaliza kunywa.

Tangu siku hiyo kila boma nililofika mwenye boma hakuwapo. "Kasafiri," mkewe ananijibu, na mimi namsikia mtu anakohoa ndani. Nilikasirika, sitaficha. Lakini ningewalaumu kwa lipi? Wazee husimulia kwamba kule walikotoka walikuja watu wapole wenye kalamu, wakahesabu, wakaaga vizuri. Baadaye wakaja wengine wasio na kalamu, wakaondoka na ng'ombe. Na Nyantakara kuna msitu wa hifadhi karibu, ambamo ng'ombe akikutwa hukamatwa. Mfugaji anayeishi jirani na msitu hana usingizi mzito.

Nikaona dawa ni barua. Chuo chenyewe kilikuwa kinaitaka: bila kibali cha wilaya, data zako ni takataka. Nikapanda bodaboda hadi Biharamulo mjini, nikapewa barua nzuri yenye muhuri wa bluu, nikarudi nimeikumbatia. Mwenyekiti wa kitongoji, Matiasi, aliisoma kwa sauti siku ya josho, ya kuogesha ng'ombe, watu wote wakiwapo na mifugo yao. Alipofika pale pasemapo nipewe ushirikiano katika kukusanya takwimu za mifugo, watu waligeuka mmoja mmoja kutazama ng'ombe wao. Muhuri niliouendea mjini ili niaminike ndio ulionimaliza.

"Si mlikuwa mnabisha?" alisema mzee Nshoma. "Selikali hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikasimama. Nikaeleza kwa Kiswahili kwamba ni masomo tu, kwamba majina hayaandikwi, kwamba karatasi zitakaa kabatini chuoni na panya ndio watakaozisoma. Nikarudia kwa Kisukuma. Nikasema basi swali la saba nalifuta, tazameni, nalikata kwa kalamu mbele yenu.

"Amelikata kwa kuwa ameshatuona hapa wote," alisema mtu nyuma.

Hapo baba akasimama. Baba yangu si msemaji. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni mtoto wangu. Mmeona wenyewe nilivyotoa ng'ombe mmoja mmoja ili asome. Diana hawezi kutuuza."

Nilitaka kulia kwa fahari. Mzee Nshoma alimjibu taratibu, bila ugomvi.

"Malongo, hata yule aliyetuhesabu kule alikuwa mtoto wa mtu. Na Kisukuma alikijua vizuri."

Baada ya josho lile mazizi yakaanza kuwa matupu. Ng'ombe wa Nshoma walikwenda kwa shemeji yake, kijiji cha Kaniha. Wa jirani zetu sijui walikwenda wapi, ingawa walikuwa wamelelewa hapa kwa miaka. Kiangazi kilikuwa kimekaza na nyasi hakuna, ndama walikuwa wanaanguka njiani. Habari hizo tulizisikia, ila hakuna aliyetuletea. Mama yangu, Ng'washi, akifika kisimani wenzake wanajaza ndoo zao na kuondoka kama waliokumbuka sufuria jikoni. Akirudi ananipakulia chakula kama kawaida. Heri angenitukana.

Nikampigia Dakta. Nikamwambia swali moja linahamisha ng'ombe wa kijiji kizima. Nikamwomba niliondoe, nikaomba nibadilishe mada, nikaomba hata nihojiwe mwenyewe niandike niliyoyaona tangu utotoni.

"Diana," alisema, tena kwa upole, "mada imeshapitishwa na idara. Ukibadilisha leo, unarudia mwaka. Wewe unataka kurudia mwaka?"

Kurudia mwaka maana yake ni ng'ombe wengine watolewe zizini, wauzwe kwa ajili ya ada. Nilikata simu, nikakaa chini palepale. Nikiuliza, nawafukuza ng'ombe wa watu, na nisipouliza namalizia wa baba. Hayo ndiyo maamuzi ya kibiashara, na katika vitabu vyote nilivyosoma hayana sura yake.

Baba alinikuta hapo. Alichuchumaa mbele yangu kama nilipokuwa mdogo na kibanzi kidoleni.

"Nimesikia," alisema. "Wapuuze hao. Kesho utaniuliza mimi. Yote, mpaka hilo lako la saba. Malongo akijibu, wataona haya, watajibu."

"Kweli, baba?"

"Nilishawahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Ndiyo maana asubuhi nilikwenda mjini na moyo mweupe, kutoa nakala za madodoso. Nilizitoa nyingi, za watu wote ambao wangeona haya. Nilirudi jua limeshaanza kushuka.

Zizi letu lilikuwa wazi. Miiba ya mlango ilikuwa imesogezwa pembeni, samadi bado mbichi, na alama za kwato zimeelekea upande wa Kaniha. Kaka yangu William, mchungaji wetu, hakuwapo, wala fimbo yake. Mama alikuwa uwanjani anakata viazi vya kuanika michembe, na kisu chake hakikusimama nilipomwamkia.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Umerudi, mama," alisema. "Haya, kaa. Niulize."

"Baba, ng'ombe..."

"Niulize tu. Ulitaka kuniuliza."

Nikatoa dodoso. Nikaliegemeza kwenye goti. Nikamuuliza swali la kwanza, la umri, akajibu. La elimu, akajibu. Nani huamua kuuza? Akasema, "Mimi na mama yenu." Alijibu kwa heshima na kwa ukamilifu, mgongo wima, jinsi wanavyojibiwa watu wa ofisini. Hakunitania hata kidogo. Baba ambaye hunitania tangu nijue kusema.

Nikafika la saba.

"Kaya yako ina ng'ombe wangapi?"

"Hakuna," alisema baba. "Andika hakuna."

Ndama akalia. Alikuwa ndani ya nyumba ya mama, mtoto wa siku chache asiyeweza safari, na walikuwa wamemfungia humo ili nisimwone. Alilia tena, anamwita mama yake aliyekuwa njiani kuelekea Kaniha. Kisu cha mama kilisimama. Sote watatu tulisikia, na hakuna aliyegeuka.

Baba alikuwa ananitazama machoni. Sikuona hasira mle. Niliona ananiogopa, na niliona kwamba kuniogopa kunamuumiza kuliko kunavyoniumiza mimi.

Nikaandika sifuri.

Alichukua kalamu, akatia sahihi mahali nilipomwonyesha, herufi moja moja, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Sasa, mama," aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, "hapo utafaulu?"

"Nitafaulu, baba."

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana." Na ndani ya nyumba ndama akaendelea kulia.