Kibao Chekundu

Kwenye boti ya wazamiaji kila mtu ana kibao chake kwenye ubao mmoja: akiingia majini anakigeuza upande mwekundu, akipanda anakirudisha upande mweupe. Cha mume wa mwongozaji kilibaki chekundu tangu siku alipozama asiibuke, miezi saba sasa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Leo wamezunguka visiwa viwili. Wageni wameona kasa, wamefurahi. Mwongozaji amecheka nao kikazi tu, moyo umekufa ganzi. Mgeni mmoja, kati ya wale wa kusaidia wasichoombwa, akadhani kibao hicho kimesahaulika, akakigeuza.

"Shemeji, wote wamepanda?" nahodha akauliza kutoka kwenye usukani.

Siku zote mwongozaji alimjibu, "Bado mmoja, twende tu."

Akautazama ubao. Vibao vyote vyeupe.

"Wote," akasema.

Nahodha hakuwasha mashine.