Doa Lililokwenda Nyuma ya Jua

"Nani amepasha chakula?"

Hakuuliza nimeona nini. Kipimo nilichokihangaikia miaka yote ya masomo yangu kilikuwa pale kwenye skrini, mstari umepanda mpaka juu, na Profesa wetu amesimama mlangoni, miwani kwenye paji la uso, anauliza habari za chakula!

"Mimi," nikasema. "Kiporo changu. Lakini Profesa, mawimbi ya maikrowevu yako masafa ya chini huko, haya ya jua yako juu kabisa. Hayakutani!"

"Umehakikisha?"

Lo! Neno hilo. Mpaka leo, na mvi hizi, nikilisikia damu inanichemka.

Kulizunguka jua kuna gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya digrii, korona, ile taji nyeupe inayoonekana jua linapopatwa. Huwezi kupeleka dira huko ukapima sumaku yake. Sisi tuliisikiliza kwa dishi la redio, ambalo hunasa hata mawimbi yanayovuja kwenye maikrowevu. Elektroni huizunguka mistari ya sumaku, na sumaku inavyozidi ukali ndivyo zinavyokimbia, na mawimbi zinayoyatoa yakapanda masafa. Siku ile, juu ya doa moja kubwa jeusi, mawimbi yalipanda mpaka mahali ambapo vitabu vilisema korona haiwezi kufika. Kimoja cha vitabu hivyo alikiandika Profesa mwenyewe.

Nikamwomba tuiwashe tena maikrowevu tuone. Tulikuwa tumechelewa: jua lilikuwa linatua, na doa lilikuwa ukingoni kabisa. Kesho yake jua lilikuwa limeshazunguka nalo, limelipeleka mgongoni.

"Likirudi na kipimo kile kile, andika," Profesa akasema. "Lisiporudi, kifute. Sitii sahihi tasnifu yenye kiporo ndani yake."

Bila kipimo kile sikuwa na tasnifu, nilikuwa na jalada tu. Kisha, ili kunimaliza kabisa, akaichomoa maikrowevu na kuifungia kwenye buti la gari lake.

Wiki mbili nzima kituo kizima kilikula chakula cha baridi kwa sababu yangu. Fundi wetu wa mitambo, tuliyemwita Waya, alitafuna huku akinitazama kana kwamba nimemwibia.

"Dada, wewe na doa lako mmetuponza," akasema.

Mama alipiga simu. Nikamweleza yote.

"Ngoja, mwanangu. Mnapima jua, halafu mnakosa cha kupashia chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Na mna shahada."

Nilicheka, nikakata simu, kisha nikalia kwa hasira. Mama hakujua kwamba madoa hufa. Mengi huzunguka kule nyuma yakayeyuka, na jua linakurudia likiwa safi, kana kwamba ulikuwa unaota.

Lilirudi asubuhi moja, kwenye ukingo wa upande wa pili, limekonda lakini zima. Tukaelekeza dishi. Mstari ukapanda, ukapanda, ukasimama palepale pa siku ile. Waya akapiga mluzi. Mimi sikuweza hata kufurahi, macho yangu yalikuwa mlangoni.

Profesa akaja, akautazama mstari, akageuka, akatoka. Nikasikia buti la gari likibamizwa. Basi, nikajiambia, mzee kasusa, anakwenda zake.

Akarudi ameikumbatia maikrowevu, anahema, kebo yake inaburutika sakafuni. Akaiweka kwenye meza, kando ya skrini.

"Kiporo kiko wapi?"

Nikampa bakuli langu. Akalitia ndani, akaiwasha. Bakuli likazunguka taratibu, mashine ikinguruma, na yeye hakulitazama. Alikuwa amekodolea macho mstari. Haukutikisika. Akazima, akawasha tena, uso karibu ugonge kioo cha skrini. Haukutikisika.

"Miaka yote hii nimewafundisha watu kwamba haifiki huko," akasema.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia. Wiki mbili nilikuwa nayanoa, na mengine hayafai kuandikwa. Lakini alivua miwani, na bila miwani alionekana mzee sana.

Akatoa bakuli kwa leso, akanisogezea pamoja na kijiko.

"Kula kwanza," akasema. "Ukimaliza, kalete kitabu changu na kalamu. Tuanze na ukurasa wa korona."

Nikala. Katikati kilikuwa bado cha baridi. Nikakimaliza hivyo hivyo.