Jumapili ya Marehemu Asa

Lovisa Pardee alianza kuita roho za wafu akiwa msichana, kwenye jiko la mama yake. Alipofika umri wa makamo jina lake lilishavuka mji wa Rochester, likavuka bahari. Wenye vyeo walikuja kulia mezani kwake, wakaondoka wamepona.

Mchana mmoja mgeni alikuwa Dorcas Hallowell, mjane, muumini wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, aliyewahi kumlisha na kumlaza Lovisa enzi hizo hana mbele wala nyuma. Alikuja na wifi yake, Keturah, aliyekaa kama mtu aliyeng'ata limau.

"Nitafutie Asa wangu," Dorcas alisema. "Alikata roho mimi nimesinzia kitini. Nataka kujua tu kama ana kinyongo."

Mapazia yakafungwa. Lovisa akafumba macho, sauti ikatoka nzito, ya kiume.

"Dorcas, mke wangu. Sina kinyongo. Jumapili ile ulikuwa umechoka."



Marafiki hawasemi Jumapili. Jina hilo, kwa Kiingereza, ni la jua, na wao hawaiiti siku kwa jina la kitu kilichowahi kuabudiwa. Kwao ni Siku ya Kwanza, tangu utotoni mpaka kaburini. Lovisa alijua vizuri sana. Ulimi tu ulishazoea maneno ya wakubwa wake. Akangoja aitwe mwongo.

Dorcas akajifunika uso. "Jumapili! Asa, hata mwaka hujamaliza huko, umeshaacha dini?"

"Mimi sishangai," Keturah alidakia. "Kaka yangu alianza kutamani kofia za madoido tangu ujana. Sasa kapelekwa mbinguni penye vinubi na muziki tunaoukataa, unategemea nini? Kwenye mkutano wa ibada nitawaambia nini watu?"

"Usiwaambie, wifi, nakuomba. Aibu hii inanitosha."

Bado Dorcas alikuwa amejifunika uso. Lovisa angeweza kunyamaza tu, jina lake libaki safi, na aibu aibebe marehemu.

"Mama Dorcas," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Asa hajasema kitu. Hiyo Jumapili ni yangu."

"Yako vipi?" Dorcas aliuliza.

"Nimesema mimi."

"Na huo msamaha?" Keturah aliuliza.

Lovisa akaangalia kitambaa cha meza. "Nao ni wangu."

"Na wale wafu wengine wote, miaka yote hii?"

Lovisa akazidi kuinama. Shingo ilimwaka moto mpaka masikioni.

Dorcas alishusha mikono taratibu. Macho yamelowa, lakini uso umekunjuka.

"Kumbe hajaacha dini!" Akaushika mkono wa Lovisa, akaubusu. "Asante, mwanangu. Ulivyonitisha!"

Afadhali angempiga kofi.

"Mimi nitauambia mji mzima," Keturah alisema, akifunga kamba za kofia yake.

"Sema," Lovisa alimjibu. Akaenda kufungua mapazia mwenyewe. Mwanga ukajaa chumbani, naye akabaki amewapa mgongo, hajui aiweke wapi mikono yake.