Sauti ya Ah Po

Ah Po alikuwa hataki sinema. Tuseme ukweli mapema, maana siku hizi kila mtu hapa mjini Ipoh anajidai alijua tangu mwanzo. Mjukuu wake, Liew Suk Yin, aliporudi kutoka Taipei na kamera zake na kundi la vijana waliovaa nguo nyeusi tupu, bibi huyu aliwatazama mmoja mmoja, akawauliza kama wamekula, halafu akasema hapana.

"Uso huu niubandike ukutani mwa watu? Nimekosa nini mimi?"

"Ah Po, nisaidie. Wale waigizaji wa mjini wanaongea Kihakka chetu kama wamekwamwa na mwiba wa samaki."

"Wape siki wanywe, utateremka."

"Ah Po, jamani!"

"Nini! Mwongozaji wa sinema, na wali bado unauunguza."

Lakini bibi gani humnyima mjukuu aliyemlea mwenyewe? Alikubali, akanung'unika wiki nzima, akaenda kutia nywele dawa.

Suk Yin alikuwa ametengeneza filamu fupi kadhaa, zikasifiwa, jina lake likaanza kutajwa magazetini. Hii ndiyo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza, na kwa watu wa kazi ile huo ndio mlango wenyewe. Ukipita umepita. Ukikwama, watu wanakusahau huku bado wanakuchekea. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama wa machimbo ya bati ambaye mwanawe, Ah Keong, ametoweka, naye kila jioni anasimama mlangoni kuiita roho yake.

Kila nyumba ya Wahakka wa kwetu imewahi kuita roho. Mtoto akishtuka, homa ikagoma kushuka, mama husimama mlangoni na shati la mtoto na bakuli la mchele, akamwita kwa jina lake. *Chon loi, chon loi.* Rudi nyumbani, rudi. Roho inaijua sauti ya mama, basi inaifuata.

Siku ya kupiga picha za tukio hilo, Ah Po alisimama mlango wa nyuma, shati mkononi, akitazama bwawa lililoachwa na wachimba bati. Akaita, "Ah Keong, chon loi," kama alivyofundishwa. Akanyamaza. Suk Yin alidhani amesahau maneno. Mara sauti ikamtoka bibi yule, sauti ambayo mjukuu hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Ah Fui! Ah Fui, chon loi! Maji hayo baridi, mwanangu. Toka huko. Wali umeiva, Ah Fui!"

Ah Fui alikuwa mwanawe wa kumzaa, baba yake Suk Yin. Alizama katika bwawa lile lile Suk Yin akiwa hajaacha kubebwa. Na mila zetu ni ngumu: mwenye nywele nyeupe hamsindikizi mwenye nywele nyeusi, yaani mzazi hamziki mwanawe. Siku ya mazishi Ah Po alikalishwa chumbani, mlango ukafungwa, akasikia ngoma na zumari zikipita barabarani na mwanawe. Hakuruhusiwa kwenda ukingoni kumwita. Tangu hapo jina la Ah Fui halikutoka kinywani mwake.

Suk Yin alitakiwa kusema "kata". Hakuweza. Mrekodi sauti alikuwa analia waziwazi.

Ah Po akakunja shati. "Umeipata?"

"Nimeipata, Ah Po."

"Haya. Usiipoteze." Akaingia ndani kuosha vyombo.

Sasa mkono mtupu haulambwi. Filamu ilikuwa imegharamiwa na kampuni ya Bwana Ou, mtu mpole, mnene, mwepesi wa kucheka, ambaye huwezi hata kumchukia vizuri. Alipoitazama alipangusa macho kwa leso.

"Mwongozaji Liew, umeniua. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Hiki Kihakka atakisikia nani? Tunaitia sauti za Kimandarini. Nina mama mmoja, sauti yake asali tupu."

"Si tumeweka maandishi chini ya picha?"

"Watu wanakuja kula bisi, hawaji kusoma."

Suk Yin alibisha, akaomba, akakumbushwa kwa upole kuhusu saini yake mwenyewe kwenye mkataba. Mwisho akasema, "Basi niachie moja tu. Ile ya mlangoni."

"Ile? Ile hata mimi siigusi," alisema Bwana Ou, mkono kifuani. "Nakuapia. Halafu tukae tuzungumze filamu yako ya pili."

Akaamini. Angefanyaje? Mtu akiwa hana pengine pa kushika, hushika hata ahadi.

Nakala ya mwisho ilimfikia wiki ya maonyesho. Akaitazama peke yake, akakuta hata tukio la mlangoni limetiwa Kimandarini, akampigia simu Bwana Ou.

"Lakini fikiri, mdogo wangu," alisema Bwana Ou, naye alisikika kama anahuzunika kweli. "Mtu mmoja sauti mbili? Wangecheka. Kumbi zimekataa. Hata mimi nimeshindwa."

Akaiulizia sauti ya kwanza. Akaambiwa ni mali ya kampuni, imehifadhiwa mahali salama.

Asubuhi ya onyesho la Ipoh alimwambia Ah Po kuna joto kali, afadhali wabaki.

"Nibaki na nywele hizi? Na majirani nimewaalika?"

Ndani ya gari Suk Yin alifungua mdomo kusema, akaufunga. Akaufungua tena, akasema kiti cha nyuma kina mkanda. Alijidharau mpaka wakafika.

Mwanzoni Ah Po aliposikia Kimandarini laini kikimtoka kwenye picha, alicheka. "Loo! Mimi nimesoma lini?" Majirani nao wakacheka, mmoja akamtekenya ubavuni. Kisha likaja tukio la mlangoni. Uso wa Ah Po ukajaa ukuta mzima. Mama wa sauti ya asali akafuata maandishi aliyopewa, neno kwa neno.

"A Qiang, huilai! A Qiang!" Yaani Ah Keong, rudi.

Ah Po akaacha kucheka. "Anamwita nani?"

"Ah Keong, Ah Po. Yule wa kwenye hadithi."

"Mimi sikumwita Ah Keong." Akaegemea mbele. "Utazame mdomo. Mdomo wangu naujua. Unasema Ah Fui."

"Ah Po..."

"Mwanangu anapotezwa njia. Ataitikia nini, lugha yenyewe alikuwa anachapwa kwa kuikosea shuleni?" Akamshika mjukuu mkono, kwa nguvu. "Si wewe mwenye sinema? Waambie wasimamishe. Huyo mama anyamaze kidogo."

Jina la Suk Yin lilikuwa nje pale mlangoni, herufi kubwa nyekundu. Alikaa palepale. Hakuna aliyekuwapo wa kuambiwa. Mashine ilikuwa inakwenda na watu gizani walikuwa wanapenga kamasi kwa raha.

"Nisamehe, Ah Po," alisema. "Siwezi."

Bibi akamwachia mkono. Akatazama midomo yake mwenyewe ikifunguka pale ukutani, akaanza kuifuatisha, polepole, kwa sauti yake ileile kavu.

"Ah Fui, chon loi. Ah Fui, chon..."

"Sss!" alisema mtu kiti cha nyuma. "Bibi, tafadhali, tunasikiliza."

Ah Po akaomba radhi, akanyamaza.