Simu Haijui Kilio

Tk. Kimya kidogo. Tk.

Ulikuwa ukucha juu ya kioo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, nyumba ilikuwa giza tupu na jogoo wa jirani alikuwa hajaanza, lakini niliutambua ule mlio kabla sijafumbua macho. Upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao, mama mkwe wangu, Mama Mianda, alikuwa ameamka. Anaigusa simu, video inarudi nyuma, treni inapiga honi kwa sauti ndogo kana kwamba imefunikwa na sufuria. Kisha tena. Tk.

"Mama, haulale?"

"Nimelala ya kutosha, mwana. Weye lala. Utaamusha mutoto."

Mtoto ni Shekina, binti yangu, ambaye tangu aache kunyonya halali popote ila ubavuni mwa bibi yake, anayemwita Kaku.

Video ile ilitoka kwenye kaseti ya zamani ambayo mtu aliiweka kwenye intaneti. Ni stesheni ya hapa kwetu Kolwezi, mwaka wa tisini na tatu, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa. Wamekaa kando ya reli na magodoro yao, masufuria, cherehani. Kuna mzee amekumbatia mlango wa nyumba yake, ameung'oa na bawaba zake. Wanangoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Mama Mianda alikuwa mmoja wao, mwanamke kijana kama mimi leo, na Kabasele, ambaye sasa ni mume wangu, alikuwa mgongoni mwake. Na kando yake alikuwa Bilonda, binti yake wa kwanza, katika gauni lililoshonwa kwa pazia la sebuleni. Nyumba ya kampuni ya migodi walikuwa wanaiacha, na pazia lilikuwa bado jipya: maua makubwa ya rangi ya chungwa.

Bilonda alilia kiu. Mama akampa kikombe cha bati, akamwambia akimbie kwenye bomba, watoto wenzake wako kule. Ndipo treni ikaingia. Watu wakasukumana kama udongo unavyoshuka shimo likibomoka, na Mama akajikuta ndani ya behewa, Kabasele mgongoni, mikono mitupu. Walipoweza kurudi Kolwezi, Kabasele alikuwa ameota ndevu. Hakuna parokia ambayo Mama hakwenda kuuliza.

Mtu akisikia habari hii hudhani Mama anatafuta binti aliye hai. Mimi ninayeishi naye najua anatafuta kitu kidogo zaidi. Siku moja tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, akaniambia bila kuinua macho: "Mi nataka kuyua kama alikunywa. Ile tu."

Simu ilifika nyumbani kupitia mimi. Nilisoma kompyuta kwenye masomo ya jioni ya parokia, Shekina amelala kwenye benchi la nyuma juu ya makoti ya wenzangu, na mwalimu wangu, Mama Elise, ndiye aliyenipeleka kwa watafiti. Kiongozi wao ni Daktari Stany Mukalay, aliyetoka Lubumbashi. Wamepanga vyumba viwili juu ya duka la dawa hapa mtaani kwetu, Manika. Wanachunguza mashine za aina mbili: ile unayoiuliza ikakutafutia jibu, na ile isiyongoja swali, inayokuchagulia video inayofuata. Wanataka kujua zinawatendea nini watu wanaosema Kiswahili chetu cha hapa, na nani atawajibika zikiumiza. Wakatupa simu tuitumie nyumbani kama familia, sote tukakubali, na kila jioni niweke alama kwenye kila kilicholetwa: tulikiomba, hatukukiomba, kinaumiza.

Mwanzoni ilileta nyimbo za kwaya na namna ya kupika samaki. Kisha Mama akanisihi niandike "treni ya bafukuzwa Kolwezi." Ile kaseti ilipofunguka, alipiga magoti sakafuni.

Baada ya hiyo zikaja nyingine, vipande vya kaseti visivyo na jina ambavyo hata ukitafuta kwa maneno huvipati. Mama alivipokea kama wageni. Halafu, katikati yake, wakaja vijana wenye miwani ya jua wanaosema mbele ya simu zao ndani ya magari: hawa watu wa Kasai wamejaa tena, barudi kwabo. Wengine walichukua zile picha za stesheni wakazicheka.

Niseme jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu kilio hakikatwi. Ukifika kwenye msiba unakaa mpaka mwisho. Anayeinuka katikati amewadharau waliokufa. Mama Mianda hakuweza kuzima picha yenye watu wake, hata kama juu yake kuna kijana anacheka. Alikaa mpaka mwisho. Kila moja, mpaka mwisho.

Asubuhi ile, kulipopambazuka, nilimkuta anafunga kitambaa chake cha mizigo. Sufuria moja, Biblia, sweta ambayo alikuwa hajamaliza kumfumia Shekina.

"Unaenda fasi gani, Mama?"

"Mu Kasai. Muji muzima unasema tutoke. Mara ya kwanza tulingoya mpaka banatusukuma. Sasa mi nitatangulia."

"Muji muzima, nani?"

Akaionyesha simu kwa kidevu.

Wakati huo jirani yetu Blandine aliingia na beseni la mikate. Blandine ni mtu wa Kapanga, mwenyeji wa upande huu na si wa Kasai, kelele zake husikika mpaka barabarani, na alimpenda Mama Mianda kuliko dada zake. Nikamwomba simu yake, nikaiweka mezani kando ya yetu, nikazifungua zote mbili mahali pale pale, video zinapojileta zenyewe. Kwetu: kijana mwenye miwani. Kwake: misuko ya nywele, harusi, mchungaji anayepiga kelele, mbuzi juu ya pikipiki.

"Ee Mama Mianda!" Blandine akasema. "Mi simu yangu inaniona mupumbavu. Asubuhi mbuzi, mangaribi mbuzi. Sasa uyu mwenye miwani ni nani? Shemeji yako? Eko na sura ya kukopa na kutoroka."

Mama alicheka, kicheko kifupi cha puani. Nikadhani nimeshinda. Lakini Blandine alipotoka, alirudi kwenye fundo lake akalikaza.

"Blandine alitoa bya mubaya mu simu yake mbele ya kuya hapa," akasema. "Eko na roho nzuri. Hapendi nione."

Nilichukua kile kipande cha pazia kilichobaki wakati wa kushona, ambacho Mama amekilinda miaka yote ndani ya Biblia, nikapanda nacho ngazi za ofisi ya watafiti, nikitumaini mashine itamtafuta Bilonda kwa yale maua.

Daktari Stany alikipiga picha akaipa mashine ya kutafuta. Tuliinama juu yake watatu, mimi, yeye na Mama Elise, kama juu ya mtoto mwenye homa. Ikatuletea mapazia ya kuuza. Mapazia ya Dubai, mapazia ya hoteli, fimbo za kutundikia, bei imeshuka mpaka Jumapili. Elise akacheka, kisha akajifunika mdomo.

"Inaona kitambaa," Stany akasema. "Haione mutoto mwenye alikivaa."

Kisha akafungua kumbukumbu za simu yetu, akanionyesha kwa kalamu. "Angalia. Muntu wa kawaida akitukanwa, anapitisha. Mama yenu anakaa mpaka mwisho. Anarudisha fasi moya, anaangalia tena. Donc, basi, mashine inasema: uyu mama anapenda sana habari ya kufukuzwa. Tumuongezee."

"Lakini analia, Docteur! Eko mu kilio."

"Ndiyo, njo vile. Simu haiyue kilio. Hakuna mwenye aliifundisha."

"Sasa muifundishe."

Stany alikuwa anazungusha kizibo cha chupa ya maji, anakifunga, anakifungua. "Haiko yetu, Mama Shekina. Siye tunapima. Tunaandika, tunapeleka kwa benye kuitengeneza. Banajibu asante."

"Banajibu asante!" Elise akadakia. "Mwaka jana pia asante. Leo mama wa bantu anafunga mizigo."

"Unataka nidanganye, Elise?"

"Nataka uache kunywa mayi kama muntu wa mukutano, useme kintu kya kufanya leo."

Kilikuwapo kitu. Tungeweza kufuta kumbukumbu zote, simu ianze upya kama siku ya kwanza. Matusi yangekoma. "Mais, lakini," akasema, na sasa hakunitazama, "bile bipande bya stesheni binafika kwa njia moya na matusi. Kile kya kwanza kitabaki. Bingine, tukifunga njia, mashine haitabileta tena."

Nilielewa. Kufuta matusi ni kufuta bomba la maji ambalo Mama hajaliona bado.

Kabla sijashuka nilimwambia neno moja. Kwamba alama zao hazitoshi. Kwamba iwepo nyingine, kwa mtu anayetazama kitu mpaka mwisho kwa sababu kinamliza. Stany alikaa akaiandika pale pale, akaniuliza iitwe nini. Nikasema iitwe kilio. Haikubadili kitu siku ile. Lakini nilishuka ngazi nikiwaza kwamba huenda siku moja, mbali huko, mtu atalisoma hilo neno letu na kuuliza maana yake.

Nyumbani nilimkuta Kabasele amerudi mapema. Ana kibanda cha kutengeneza simu sokoni, na kwa kawaida jua likiwa bado juu hayupo. Mikono yake ilinuka petroli. Mtu alikuwa ameandika kwa rangi kwenye bati la mlango wake: RUDI KWENU. Alikuwa amesugua mpaka bati likang'aa, na maneno yalikuwa yanasomeka bado.

"Nilisema nini?" Mama akaniuliza. Hakuwa na ukali. "Haiko simu tu, mwana."

Niliyaweka kando maelezo yote niliyotoka nayo ofisini na kuyapanga njiani kwa maneno mepesi. Aliyeandika lile neno naye ana simu. Sijui yake inamletea nini. Labda haikumletea kitu, alikuwa hivyo tangu zamani.

Nilimwambia Mama ukweli tu: kwamba Blandine hakuficha, kwamba simu ilimwona anakaa mpaka mwisho ikadhani anapenda, kwamba inaweza kufutwa, na kwamba ikifutwa vile vipande vya stesheni ambavyo hajaviona havitakuja tena.

Alilichukua hili la mwisho polepole, kama mtu anayemeza dawa.

"Ilifikiri mi napenda," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Banyama."

Kabasele alichuchumaa mbele yake, jitu zima, akamshika magoti. "Mama, simu tuifute leo. Ukitaka kuenda Mwene-Ditu kwa muyomba, kesho nitakupeleka mi mwenyewe, na ukichoka nitakuya kukubeba. Lakini usiende sababu ya hii simu. Inakukula."

"Na Bilonda?"

Kabasele alikuwa mgongoni siku ile; hana hata sura ya dada yake ya kukumbuka.

Mama alilitazama furushi lake la mizigo mlangoni, kisha uani, ambako jua lilikuwa bado kwenye kamba ya nguo. "Nitaenda kesho," akasema. "Na mutaifuta. Lakini munipe ya mwisho. Nikae mpaka mwisho, kisha njo nitasimama."

Tukakaa kwenye mkeka. Shekina alijipenyeza katikati, magoti yake machafu juu ya kanga ya bibi yake. Nikaiacha simu ichague yenyewe.

Ilileta kijana mwenye miwani ya jua. Alianza kucheka kabla hajasema, na nyuma yake zilikuwa zinapita picha za kaseti, sijapata kuziona. Nilishusha sauti mpaka ikaisha. Mdomo wake ukabaki unafunguka na kufunga bila kitu, kama samaki kwenye beseni, na tukaangalia nyuma ya bega lake.

Jukwaa. Magodoro. Kisha mtu wa kamera akageuka upande, na pale pembeni lilikuwapo bomba, na watoto wamejipanga.

Picha ilikuwa imeoza, rangi zote zimegeuka kijani. Msichana mmoja alikuwa ametupa mgongo. Gauni lilimpwaya mabegani, kama nguo iliyoshonwa kwa haraka. Kama kulikuwa na maua, kaseti ilikuwa imeyala. Alikuwa ameinua kitu mdomoni.

Ukucha wa Mama ulifika juu ya kioo. Nilingoja ule mlio. Haukuja. Hakuirudisha nyuma, aliacha kidole hewani, na kule nyuma ya yule kijana, mtoto hakuwa na haraka.

"Shekina," akasema, "macho yangu imechoka. Uniambie weye. Ule mutoto anafanya nini?"

Shekina akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akaangalia kwa makini.

"Anakunywa mayi, Kaku."