Mke Mwenzangu Hakupotea

Madaktari wa kliniki walituita, wagonjwa na jamaa zao, tuwasaidie kupanga utafiti wa pili wa dawa ya kifua. Mimi kifua changu kizima kama ngoma. Niliitwa kwa sababu mjukuu wangu, niliyezoea kumwita mke mwenzangu, alikuwemo kwenye ule wa kwanza.

Daktari kijana akasoma matokeo. Waliopona themanini, waliokufa wawili, waliopotea kumi na mmoja.

"Walipotelea wapi, mwanangu? Sokoni?" nikamuuliza.

Watu wakacheka, naye akacheka. "Ndivyo tunavyoandika, bibi. Ni walioacha kuja kliniki."

Nikampa kadi ya mke mwenzangu. Akaitafuta namba kwenye karatasi zake. "Huyu amepotea."

"Hajapotea. Nilimwosha kwa mikono hii. Amelala nyuma ya jiko langu, na ukiniuliza nitakupeleka."

Kicheko kikakatika. "Tulipiga simu mara tatu," akasema polepole.

"Baba, maiti hapokei simu."

Akachukua kalamu ili afanye wawili kuwa watatu. Nikamshika mkono. "Na hao kumi, nani aliwabishia hodi?"

Nikamwambia utafiti wa pili uanzie hapo: mtu asiandikwe amepotea kabla kwao hakujabishwa hodi. Akaandika.

Wiki hiyo yeye nami tulizunguka nyumba kumi. Wanne walitufungulia wenyewe. Sita tulionyeshwa walipolala.